Mstari Upande wa Ndani

Wifi yangu ameomba kitu kimoja kwa miaka kumi na mmoja, na kitu chenyewe si nyumba wala gari. Aliomba mstari ukae ndani.

Najua umekunja uso. Hata mimi nilikunja uso aliponieleza mara ya kwanza, na mimi nafanya kazi mapokezi ya karakana hiyohiyo, hatua kumi na mbili kutoka mezani kwake. Basi nikueleze alivyonieleza yeye, kwa kidole, juu ya vumbi la kaunta yangu. Ukichora umbo kwenye kompyuta, tuseme mraba, programu inalizungushia mstari, na mstari una unene. Programu tunayotumia sisi iliuweka mstari huo juu ya ukingo, nusu ya unene wake ndani ya umbo, nusu nje. Kwa anayechora kadi ya harusi hilo si neno, nani atagundua? Lakini sisi hatuchori kadi. Mashine yetu ya kukata inafuata upande wa nje wa mstari, kwa hiyo kipande kinatoka kikubwa kuliko kilivyochorwa, na kipande kikiwa kikubwa hakiingii kwenye tundu lake.

"Sasa si uusukume tu kwa ndani?" nilimuuliza.

"Wifi, hilo ndilo swali ninalowauliza wenye programu tangu mwanao hajaota meno."

Karakana yetu inatengeneza ramani za kushika kwa ajili ya watoto wasioona. Ni ubao mpana kama mlango wa kabati, una matundu, na kwenye kila tundu kinaingia kipande chake, vya jirani vikigusana: darasa, bweni, zahanati, geti, kituo cha basi. Njia zimechimbwa kama vijifereji ambavyo kidole kinaweza kuvifuata. Mtoto anazijua njia za shule kwa vidole kabla hajazijua kwa miguu. Akishamaliza anavitoa vipande, anavichanganya, anaipanga shule yake upya kuanzia mwanzo.

Mwaka wake wa kwanza kazini, Wifi alikwenda kukaa darasani kutwa nzima, kajifunga mtandio machoni. Aligundua jambo ambalo sisi wenye macho yetu mawili hatukuwahi kulifikiria. Kati ya kipande na kipande kukiwa na nafasi, hata ndogo ya kupitisha karatasi nene, kidole kinaangukia humo na kinadhani hiyo ni njia. Alifuata ufa mmoja kutoka bwenini hadi nyuma ya jiko, akajiona amepata njia ya mkato, kumbe pale pana ukuta. Alirudi karakana akazikataa mbao arobaini zilizokuwa tayari. Mkuu wa zamani, Mungu amrehemu, alitamani kulia, lakini alimsikiliza. Tangu siku hiyo kila aliyepita mezani kwake alisikia habari za nusu milimita, mpaka watu wakamwita Bi Nusu. Yeye jina hilo alilipokea, hakuwa na muda wa kununa.

Kwa kuwa programu haikumsaidia, alijitafutia njia ya panya. Alikichora kila kipande kidogo kuliko kinavyotakiwa, nusu milimita kila upande, ili ule unene unaotokea nje ukirudishe kwenye kipimo chake. Ukisikia hivi unaona jambo dogo. Basi kaa uchore bweni lenye kona kumi na nne, kila kona uipunguze kwa hesabu, halafu shule iseme imeongeza baraza, uanze upya. Njia za panya hizo alizikusanya kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Kulikuwa na ya kupunguza kona, ya kupanga nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, zifuate mstari uliopinda bila kubanana, ya kuidanganya programu isikadirie vipimo na kukupa namba ya uongo. Nilipohesabu mara ya mwisho zilikuwa sitini na tatu. Sitini na tatu! Yaani mtu analipia programu, halafu nusu ya akili yake inaishia kuikwepa hiyohiyo programu.

Na kuomba aliomba. Wenye programu wana ukurasa wa maombi ambako watumiaji wanaandika wanachotaka, na wengine wanaliunga mkono ombi kwa kubonyeza alama ya kidole gumba. Wifi aliandika ombi lake kwa lugha yao, kwa adabu, na picha tatu za mfano. Wa kwanza kumjibu alikuwa mtu asiyemjua, akamwandikia: "Mimi nina miaka kumi na programu hii na sijawahi kuhitaji kitu hicho." Sasa wewe kama hukuhitaji, umekuja kufanya nini hapo? Wa pili akamfundisha njia ya panya ambayo Wifi mwenyewe alikuwa ameiandika kwenye ukurasa uleule miezi sita nyuma. Mwaka wa tatu ombi likafungwa kwa sababu linafanana na ombi jingine. Alipolitafuta hilo jingine, akakuta nalo limefungwa kwa sababu linafanana na la kwake. Nilicheka siku hiyo mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Alifungua ombi jipya.

Kila mwaka toleo jipya lilikuja na mapambo yake. Mwaka mmoja walileta vivuli vya rangi, mwaka mwingine wakaleta rangi ya usiku ili kioo kisiumize macho, kisha wakaleta salamu, unaifungua programu inakuambia habari za asubuhi. Mstari ulibaki palepale. Nilikuwa namuuliza kwa utani, "Wifi, mwaka huu je?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Mwaka huu wameniletea salamu."

Mwaka wa kumi na moja mstari ukaja. Ukaja siku ambayo yeye hayupo.

Mama yangu, ambaye ni mama mkwe wake, alikuwa na zamu ya kupigwa picha ya nyonga hospitali, na katika watoto wote aliowazaa mwenyewe alisema anataka kupelekwa na mkwewe. Wifi aliomba ruhusa ya siku moja, akapewa kwa mdomo. Jioni kabla ya kuondoka alikuwa ameshasoma kwamba toleo jipya linakuja na lina jambo lake. Hakurukaruka. Aliandika karatasi kwa kalamu nene, akaibandika kwenye kioo cha kompyuta yake: MICHORO YA ZAMANI ISIFUNGULIWE KWENYE TOLEO JIPYA MPAKA NIRUDI. Niliiona kwa macho yangu wakati nafunga madirisha.

Mkuu wetu wa sasa alikuja miaka miwili iliyopita kutoka kwenye kampuni ya kuchapa kalenda. Sitatia chumvi, si mtu katili. Ni mtu wa haraka. Ukimuuliza lolote anajibu "tayari", hata kama hajaanza. Asubuhi ile aliweka toleo jipya, akaketi kwenye kiti cha Wifi, akaanza kuifungua michoro. Programu ikamuuliza: sasa tunaweza kuweka mistari upande wa ndani, je, turekebishe na michoro yako ya zamani? Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza kama ifanye hivyo kwa yote. Akabonyeza yote, akahifadhi juu ya ile ya zamani. Michoro mia mbili na kumi na miwili.

Nilimpelekea chai nikamkuta anatabasamu. Karatasi haikuwepo kwenye kioo.

"Wifi yako ataruka kwa furaha," akaniambia. "Miaka yote analia na mstari. Nimemmalizia kabla chai haijapoa."

Na mimi, acha niseme ukweli hata kama unanichoma, nilipiga makofi. Nilijua tu kwamba mstari umekwenda ndani. Sikukumbuka kwamba kila kipande kilikuwa kimeshapunguzwa tayari kwa mkono wake. Sasa unene wote umeingia ndani, hakuna kinachotokea nje kukirudishia kipande kipimo chake, na kipande kimebaki na upungufu wake. Kimepungua nusu milimita kila upande. Kipande cha jirani nacho kimepungua nusu, na baina yao milimita nzima ya njia isiyokuwepo.

Siku ileile alikata vipande vya mbao sitini za shule moja, vikaingizwa kwenye matundu yaliyokatwa wiki iliyotangulia, vikafungwa kwenye maboksi, na kesho yake alfajiri gari likaondoka navyo. Wifi alifika saa mbili. Aliwasha kompyuta, akatazama tarehe za faili, akainuka, akaenda kwenye pipa la mabaki akaokota kipande cha zahanati. Akakipima kwa rula ya chuma. Akaja kwangu.

"Zimeondoka?"

"Zimeondoka alfajiri."

Alikwenda ofisini kwa mkuu na mlango aliuacha wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Alimwomba apige simu shuleni, mbao zisitolewe kwenye maboksi, atazirekebisha zote ndani ya wiki mbili. Alisema kwa upole, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Nusu milimita?" mkuu akasema. "Wewe nawe! Watoto wenyewe hawaoni."

Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Hawaoni! Mtu anaongoza karakana ya vitu vya watoto wasioona, anadhani kwa sababu hawaoni basi hawatajua. Wao ndio pekee watakaojua!

Baada ya siku tano shule ikapiga simu. Sikuambiwa walisema nini, ila nilimwona mkuu akitoka ofisini uso umemshuka. Mchana akamwita Wifi, akamwekea karatasi mbele. Ilikuwa barua kwa shule, ikisema kasoro imetokana na uzembe wa mchoraji aliyefungua michoro bila kufuata maagizo. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yake. Atie sahihi ndani ya siku tatu, la sivyo akabidhi funguo. Akitia, kazi atabaki nayo, ila michoro itakuwa chini ya mtu mwingine.

"Lakini mkuu, mimi sikuwepo."

"Kompyuta ni yako. Faili zinaonyesha jina lako."

"Niliacha karatasi."

"Karatasi gani?"

Hapo niliingia bila kugonga. Nikamwambia peupe kwamba karatasi niliiona, na yeye nilimkuta kwenye kiti na chai nilimletea mimi. Alinitazama kwa huruma kabisa, kama anayemtazama mtoto anayetetea mdoli wake. "Wewe ni wifi yake," akasema. Yaani ushahidi wangu ukafa hapohapo kwa sababu kaka yangu alioa.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Kaka yangu ni mtu mwema, lakini ni mwoga wa makaratasi. "Tia sahihi yaishe," alimwambia mkewe. "Watu wanatia sahihi mambo makubwa kuliko hayo." Mama akiwa kitandani na nyonga yake akasema ni yeye aliyesababisha, angekubali kupelekwa na mtu mwingine haya yasingetokea. Wifi alimfunika miguu vizuri, kisha akamjibu kaka yangu, "Watoto wale wananijua kwa vidole. Wakiambiwa ramani hii ni yangu, wataiamini. Nitie sahihi kwamba ile ndiyo kazi yangu?" Kaka akatoka nje, na akafanya vizuri, maana mimi nilikuwa nimeshashika sufuria.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mlango wa mapokezi ukafunguliwa akaingia Mwalimu.

Huyu ni mwalimu wa jiografia wa shule ileile. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni, na ndiye anayezijaribu mbao zetu kabla ya watoto wake. Alikuja peke yake na fimbo yake, ubao mmoja kwapani, na bahasha mfukoni. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Akaulaza ubao juu ya kaunta yangu, akauliza kama mkuu yupo. Nilimwita mkuu, na kwa kuwa ulimi wangu siku hiyo haukutaka kukaa, nikamwita na Wifi.

Mkuu alitoka akiwa na tabasamu la wageni. "Mwalimu, karibu sana! Lile suala tayari, tumeshalishughulikia."

"Nipe mkono wako," Mwalimu akasema.

Mkuu akasita, kisha akautoa. Mwalimu akamshika kidole cha shahada, akakiweka kwenye mlango wa bweni, akakivuta taratibu. Ncha ya kidole ikaushika ufa, ikaufuata.

"Hii ni nini?"

"Ni... nafasi."

"Juzi msichana wangu wa darasa la pili aliniambia ni njia. Akaenda kuitafuta. Tulimkuta amesimama nyuma ya jiko, kashika ukuta kwa mikono miwili, anauliza nani ameifunga njia." Akauachia mkono wake. "Hajaumia. Lakini sasa ramani haigusi. Anasema inamdanganya."

Nilimwona Wifi akiziba mdomo. Hakulia alipotishiwa kazi, lakini pale machozi yalimtoka.

"Tumesikitika sana, Mwalimu," mkuu akasema. "Kama barua ilivyoeleza—"

"Nimekuja nayo." Akatoa bahasha.

Hapo nikaelewa. Barua ilikuwa imeshapelekwa. Wifi hajatia sahihi, siku tatu hazijaisha, na tayari ameshapakwa matope shuleni. Tena imepelekwa kwa mwalimu asiyeona, kwa wino, kwenye karatasi laini isiyo na nukta hata moja, kutoka kwenye karakana inayouza nukta nundu!

"Nisomee," Mwalimu akasema.

"Nadhani shuleni walikusomea."

"Karani alinisomea. Lakini karani hakuwepo siku michoro ilipofunguliwa, na wewe ulikuwepo. Miaka kumi nashika kazi ya mchoraji wenu. Mtu mzembe hukosea upande mmoja, mkono ukamteleza, akapitiliza. Hivi vimepungua sawasawa pande zote, vyote, mbao sitini. Aliyefanya hivi hakukiangalia hata kipande kimoja. Kwa hiyo nataka nisikie barua hii kwa sauti yako."

Mkuu aliichukua karatasi, akavaa miwani. Alianza vizuri kabisa, kwa ile sauti yake ya mikutanoni, kwa masikitiko makubwa tunakiri na kadhalika. Alipofika kwenye uzembe wa mchoraji wetu sauti ikashuka mpaka ikawa mnong'ono.

"Hapo sijasikia," Mwalimu akasema. "Rudia."

Akarudia. Wifi alikuwa hatua mbili kutoka kwake, mikono mifukoni mwa koti la kazi, anamtazama usoni bila kupepesa.

"Mchoraji yupo hapa?"

"Nipo, Mwalimu," Wifi akajibu.

"Basi msomee na yeye. Tangu mwanzo."

Mkuu akainua karatasi mara ya tatu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na shingo imekuwa kama ya mtu aliyekabwa na tai. Akasoma masikitiko, akasoma tunakiri, akafika palepale akakwama. Nilisikia mashine ya kukata ikizimwa kule ndani, mafundi wawili wakaja wakasimama mlangoni. Aliposema tena, macho hayakuwa kwenye karatasi.

"Kwa sababu niliifungua michoro yote mimi, bila kumuuliza, yeye akiwa hospitali na mama mkwe wake. Aliacha karatasi ya kukataza. Niliibandua mimi."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaurudisha ubao wake kwapani. Wifi akajifuta macho kwa mkono wa koti, akaichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta yangu, akamkabidhi mkuu.

"Andika hayo uliyosema," akamwambia, "kisha utie sahihi wewe."

Akainama akaandika palepale, amesimama, na mimi kiti sikumpa.